Barua Zilizokosa Wasomaji

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba hakukosekani kasha, au mkoba wa ngozi uliotundikwa ukutani, wenye karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtoto wa nyumba akizikuta huzibusu na kuzirudisha pale pale, kwa kudhani kuwa ni Kurani au dua. Yumkini ni dua kweli. Lakini yumkini pia ni hati ya kuuziana shamba la mikarafuu, au wasia, au barua ya shangazi aliyekuwa Lamu anayelalamika kuwa hakuletewa kanga alizoahidiwa. Lugha ni Kiswahili tupu. Kilicho kigeni kwa mtoto huyo ni sura ya herufi tu. Naye pengine ana shahada ya chuo kikuu, na yule mzee aliyeyaandika maneno hayo alikufa akihesabiwa na wakubwa wa zama zake kuwa hakusoma.

Jambo hilo halikutokea kwa nasibu, wala halikutokea kwa siku moja. Kiswahili kimeandikwa kwa khati ya Kiarabu kwa muda mrefu kuliko kilivyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Katika nyaraka za Wareno zilizohifadhiwa Goa, nchini India, zimo barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, na miongoni mwa waliozituma ni Mwana Fatima, malkia wa mji huo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani, una tarehe ya mwaka 1728. Kurasa hizi mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa ushairi na dini, na ni kweli. Ila barua za Kilwa ni barua za siasa na mambo ya watu, na mwandishi wake ni mwanamke. Kusoma na kuandika hakukuwa kazi ya wanazuoni peke yao. Mfanyabiashara alihitaji kuandika deni, nahodha alihitaji kuandika shehena, na mjane alihitaji karatasi ya kumwonesha kadhi.

Ni haki kusema kwamba khati hiyo ilikuwa na upungufu. Kiarabu kina irabu tatu fupi zinazooneshwa kwa alama za fat-ha, kasra na dhamma, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo *i* na *e* zilichangia kasra, na *u* na *o* zikachangia dhamma. Hapana herufi ya *p*, ya *v*, ya *ch* wala ya *g* katika alfabeti ya Kiarabu cha kawaida. Waandishi wengi waliandika *ba* mahali pa *p* na hata mahali pa *mb*, na *fa* mahali pa *v*. Wengine waliazima herufi zenye nukta tatu kutoka kwa Waajemi, na wengine hawakuona haja. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer na baadaye kuwa askofu mwenyewe, alilalamika kwamba anayesoma Kiswahili kwa khati hii hana budi awe anajua kiasi fulani kile anachokwenda kukisoma.

Lalamiko hilo lilikuwa la kweli kwa Steere. Kwa aliyekuwa akiandikiwa halikuwa na uzito mkubwa, kwani alijua lugha, alimjua aliyemwandikia, na alijua shauri lililokuwa baina yao. Khati ilikuwa ni ya watu wanaojuana. Udhaifu wake ulianza kuonekana pale alipotokea msomaji asiyekuwa wa mji.

Na wapo waliouona udhaifu huo kutoka ndani, wakautengeneza. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi na mmishionari William Taylor katika kuyanukuu mashairi ya Muyaka bin Haji, na katika kurasa zake khati ya Kiarabu iliongezwa alama hata ikaweza kubainisha sauti ambazo herufi zetu za leo hazizibainishi. Mvita hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* mnyama, *kaa* la moto na *kaa* wa baharini, kwa pumzi inayotoka pamoja na herufi ya mwanzo. Hutofautisha pia *t* ya meno na *t* ya ufizi. Tahajia ya skuli hufuta tofauti zote hizo. Mwalimu Sikujua aliziandika. Ikiwa ni suala la khati ipi inayoweza kurekebishwa ili iitoshe lugha, basi jawabu lilikwishatolewa Mombasa kabla ya karne ya 20 kuingia.

Kwa nini, basi, khati ya Kilatini ndiyo iliyoshinda? Sababu ya mwanzo ni mtambo wa kupigia chapa. Wamishionari wa UMCA walikuja na mtambo wao Unguja, na mwaka 1870 Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, pamoja na mkusanyo wake wa hadithi. Inafaa kukumbuka kuwa miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, mwanachuoni aliyeandika kwa Kiarabu na kubishana na wamishionari hao hao juu ya dini. Seyyid Barghash naye alikuwa na mtambo, lakini wake ulipiga vitabu vya Kiarabu vya elimu ya dini. Kiswahili kilichopigwa chapa, basi, kilikuwa karibu chote kwa herufi za wageni, na kile cha khati ya Kiarabu kikabaki kuandikwa kwa mkono. Watoto wa baadaye wakafahamu kuwa kitabu ni hiki na karatasi za babu ni kitu chengine.

Sababu ya pili ni serikali. Bara, Wajerumani mwanzoni walipokea barua za maliwali na maakida kwa khati ya Kiarabu, na huko Berlin walimu kutoka pwani walifundisha maofisa kuisoma. Carl Büttner alichapisha mwaka 1892 mkusanyo mzima wa barua za namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Berlin kuanzia mwaka 1900, na kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa herufi za Kilatini. Kadiri skuli za serikali, ya kwanza ikiwa ile ya Tanga ya mwaka 1892, zilivyotoa makarani wake wenyewe, haja ya kujifunza khati ya wenyeji ilipungua. Mtawala hakulazimika tena kuisoma khati ya raia. Raia ndiye aliyelazimika kuisoma ya mtawala.

Unguja mambo yalikwenda kwa kusuasua zaidi. Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1907 chini ya Rivers-Smith, ambaye mwaka 1920 alihamia Tanganyika kuongoza elimu huko, na msimamo wake ulikuwa kwamba Kiswahili kifundishwe kwa herufi za Kilatini. Wazee hawakuyapeleka madawati watoto wao. Katika maandishi ya wakati huo kusita kwao kuliitwa ukaidi na ujinga, na lugha hiyo imenukuliwa mno na watafiti wa baadaye bila ya kuulizwa. Mzee wa Makunduchi au wa Wete alikuwa akifanya hesabu nyepesi: mwanawe alikuwa anasoma chuoni, chuo kilimpa Kurani na herufi za kuandikia barua kwa pamoja, na serikali ilikuwa inamtaka aache yote mawili ili ajifunze kuandika upya lugha anayoijua. Serikali ilipokuja kukubali mwalimu wa Kurani aingie skuli, watoto waliongezeka. Ila Kurani iliingia ikiwa somo la dini tu. Ule uzi uliounganisha herufi za Kurani na Kiswahili cha barua ulikuwa umeshakatwa, na mtoto akajifunza kuyasoma Kiarabu maneno asiyoyaelewa na kuandika Kilatini maneno anayoyaelewa.

Kuanzia hapo njia ilikuwa fupi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, wajumbe wake wa mwanzo wakiwa Wazungu wa idara za elimu na wa misheni. Waunguja wamezoea kulitaja hilo kwa fahari, na fahari hiyo ina haki yake. Lakini mwaka ule ule ulioipa heshima lahaja yao ndio uliothibitisha kwamba namna waliyoiandikia lahaja hiyo haikuwa na pahala. Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa yake mwaka huo huo wa 1930, kwa Kiswahili na kwa khati ya Kiarabu. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua anachokipoteza.

Baada ya uhuru na mapinduzi hapana aliyefikiria kuirudia khati hiyo, na si vigumu kufahamu kwa nini: taifa lilihitaji vitabu vingi, vya bei nafuu, na kwa haraka. Kampeni za kisomo cha watu wazima zilipokuja, vitabu vyake vilikuwa vya herufi za Kilatini, na shughuli yenyewe iliitwa kufuta ujinga. Katika madarasa ya ngumbaru alikaa bibi asiyejua hata herufi moja, na ubavuni mwake akaweza kukaa bibi mwengine aliyekhitimu chuoni na kuwaandikia jirani zake barua kwa miaka thelathini. Daftari la mwalimu halikuwa na safu ya kuwatenganisha.

Watafiti wa elimu walichukua muda kuliona hili. Brian Street, mtaalamu wa Kiingereza aliyeishi katika kijiji cha Iran katika miaka ya 1970, alionesha katika kitabu chake cha mwaka 1984 kwamba waliosomea maktab, yaani chuo cha Kurani, walitumia ujuzi wao huo kuendesha hesabu za biashara ya matunda kwa ufanisi, wakati ambapo wataalamu wa maendeleo waliwaona hawakusoma. Afrika ya Magharibi, Fallou Ngom amefanya kazi kama hiyo juu ya Kiwolofu kilichoandikwa kwa khati ya Kiarabu nchini Senegal. Hoja ya wote wawili ni moja: kusoma si kitu kimoja, na anayeamua ni kusoma kupi kutakakohesabiwa ndiye anayeamua nani mjinga.

Kwa historia ya visiwa hivi hasara haiko katika hesabu tu. Kurasa za Mwalimu Sikujua ziko London. J. W. T. Allen aliyezunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Dar es Salaam, ambayo orodha yake ilitoka mwaka 1970, aliokoa mengi. Lakini chumba kile kina faida kwa mwanafunzi anayeweza kukisoma kilichomo. Mashairi ya Kamange na Sarahani wa Pemba yalisubiri hadi mwaka 2011 ndipo yakatoka kitabuni, kwa juhudi za Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Hao walikuwa wakiijua khati na wakiijua lahaja. Wenye sifa zote mbili wanapungua kila mwaka, na idara za historia zinaendelea kufundisha karne ya 19 ya Zanzibar kwa barua za makonsuli wa Kiingereza, kwa kuwa hizo zinasomeka.

Siku hizi miswada hupigwa picha na kuhifadhiwa katika kompyuta, na kazi hiyo ni ya kushukuriwa, kwani mchwa hasubiri. Ila mashine huchukua sura ya wino, haichukui matamshi. Kasra chini ya *ba* inaweza kuwa *pita*, inaweza kuwa *peta*. Mmoja yuko njiani, mwengine ana ungo mikononi. Atakayejua ni yupi ni yule anayejua kuwa barua inatoka Donge, kwamba ulikuwa wakati wa mavuno ya mpunga, na kwamba mwandishi alikuwa akimjibu dada yake.