Ukaguzi wa uchakavu wa injini ya Wankel
Ukaguzi wa uchakavu wa injini ya Wankel ni upimaji wa vipuri vya injini ya mzunguko iliyofunguliwa, ili kujua vipi vitarudishwa na vipi vitabadilishwa.

Injini hiyo, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel na kuwashwa mara ya kwanza mwaka 1957, haina pistoni. Rota ya pembe tatu huzunguka ndani ya kasha, na kila pembe ina sili ya ncha inayosukumwa na springi ili kuzuia gesi isivuje. Sili hizo ndizo zilizoharibu sifa ya gari la NSU Ro 80 la mwaka 1967. Huko Japani, wahandisi wa Mazda waliziita alama za mawimbi zilizochorwa na sili kwenye kasha "kucha za shetani".

Katika injini ya Mazda 13B yenye sili za unene wa mm 2, sili mpya ina kimo cha mm 8.0, ikifika mm 6.5 haifai tena. Nafasi kati ya sili na mfuo wake kwenye rota haitakiwi kuzidi mm 0.15, kwani sili inayocheza huvunjika na vipande vyake hukwaruza kasha.

Kasha la rota ndilo linaloamua gharama. Ni la alumini, na uso wake wa ndani umepakwa kromi. Silinda ya kawaida iliyolika huweza kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, lakini kasha hili halichongwi hivyo: kromi ikibanduka, kwa kawaida linanunuliwa jingine. Fundi hukagua hasa kingo na eneo la plagi, penye joto kali. Hupima pia upana wa kasha sehemu mbalimbali kwa maikromita. Tofauti ikizidi mm 0.06, kasha limepinda, mara nyingi kwa sababu injini iliwahi kuchemsha.

Bamba za pembeni ni za chuma cha kusubu. Huwekewa rula ya chuma na kupimwa kwa fila geji: mpindo usizidi mm 0.04, wala ngazi iliyochimbwa na sili za pembeni isizidi mm 0.10. Hizi huweza kusawazishwa kiwandani. Oringi za maji hubadilishwa zote bila kupimwa.