Kisu Kingoje Dawa

 Fungueni madaftari. Somo la leo ni historia ya matibabu ya saratani.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Uganda, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote. Baadaye akawaona wengine wengi. Uvimbe huo ulikua upesi. Ukikatwa, ulirudi. Watoto wengi walikufa kwa miezi michache tu.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda motokaa kuukuu, wakasafiri maili 10,000 kwa majuma kumi, kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika. Waliona kwamba ugonjwa huo hukaa mabondeni, penye joto na mvua nyingi. Mahali kama Pwani yetu.

Kisu kilikuwa kimeshindwa. Basi Burkitt, ingawa kazi yake ilikuwa kupasua, alijaribu dawa. Madaktari wa Nairobi nao walijaribu. Uvimbe wa watoto wengine ukanywea kwa siku chache, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha tiba hiyo Mulago. Leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Sasa tutazame saratani ya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Hiyo ni kaidi zaidi. Wagonjwa wengine hupewa dawa kwanza, kwa miezi kadhaa, ili uvimbe upungue. Daktari hupima kwa picha na kwa damu. Dawa isipofaa, huibadilisha. Ikimdhoofisha mgonjwa mno, hupunguza kiasi chake. Ndipo hupasua, ikiwa uvimbe unaweza kutolewa.

Ndugu zangu, hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na Wadachi na kufunguliwa mwaka 1897. Tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Mgonjwa wenu akiambiwa huko aanze dawa kabla ya kisu, msidhani amekatiwa tamaa, mkamrudisha nyumbani. Muulizeni daktari: dawa hii ni ya kazi gani, na tutajuaje kama inafaa?

Maswali
1. Kwa nini Burkitt aliacha kutegemea kisu?
2. Daktari hufanya nini dawa ya kwanza isipofaa?

Kwaherini.