Soketi ikikosa umeme: yapi ya kukagua, yapi ya kumwachia fundi

Soketi moja ya ukutani inapokoma kutoa umeme ilhali taa za nyumba zinaendelea kuwaka, watu wengi hukimbilia bisibisi. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwani soketi isiyofanya kazi si lazima iwe haina umeme ndani yake. Waya wa laini, unaoleta umeme, unaweza kuwa mzima huku waya wa nyutro, unaoupa umeme njia ya kurudi, umekatika au umelegea. Kifaa kitakachochomekwa hapo hakitawaka, lakini atakayegusa chuma cha ndani anaweza kupigwa na umeme wa volti 230 au 240, sawa na ule wa soketi nzima.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi hugawanyika sehemu mbili: yale ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya bila kufungua chochote ukutani, na yale yanayomhusu fundi mwenye leseni.

Kuanzia kwenye kifaa

Si kila mara kosa huwa la soketi. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba swichi ya soketi yenyewe imewashwa, kisha kukichomoa kifaa na kukijaribu kwenye soketi nyingine ambayo ni nzima. Baada ya hapo, taa ya mezani au chaja inayofanya kazi ijaribiwe kwenye soketi inayoshukiwa. Kifaa kisipowaka popote, hitilafu iko kwenye kifaa, waya wake au plagi yake. Anayetumia eksitensheni naye aiondoe kwanza, ajaribu moja kwa moja ukutani.

Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kutoka Uingereza plagi yenye pini tatu bapa, ambayo viwango vyake vilichapishwa mwaka 1947. Ndani ya plagi hiyo mna fyuzi ndogo, kwa kawaida ya ampia 3 au 13. Fyuzi ikiungua, kifaa huzimika hata kama soketi haina kasoro. Fyuzi mpya inapaswa kuwa ya kiwango kile kile kilichowekwa na mtengenezaji: ampia 3 hutosha kwa taa au redio, na ampia 13 hutumika kwa pasi au birika la umeme. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuondoa kinga pekee inayoulinda waya wa kifaa usiungue. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kifaa hicho kisitumike tena mpaka kitengenezwe.

Swichi kuu na saketi breka

Umeme ukishapita mita huingia kwenye sanduku la swichi kuu na kugawanywa katika njia mbalimbali. Taa huwa na njia yake na soketi njia yake, na ndiyo maana taa huweza kuwaka huku soketi zimezimika. Kila njia hulindwa na saketi breka, au fyuzi ya waya katika nyumba za zamani. Nyumba nzima inapozimika, jambo la kukagua kwanza ni kama majirani wana umeme, na kwa watumiaji wa mita za malipo ya kabla, kama vile LUKU nchini Tanzania, ni kama uniti hazijakwisha.

Breka iliyojikata huwa imeshuka, na wakati mwingine husimama katikati. Ili kuirudisha, sharti isukumwe chini kabisa kwanza, ndipo ipandishwe. Kabla ya hapo, vifaa vyote vya njia hiyo vichomolewe. Breka ikikaa bila vifaa, virudishwe kimoja kimoja. Kile kitakachoikata tena ndicho chenye kasoro, au kwa pamoja vimezidi uwezo wa njia hiyo. Birika, pasi na jiko la umeme vikiwashwa kwa wakati mmoja hufikia mzigo huo kwa urahisi, kwa kuwa soketi moja ya ampia 13 imekusudiwa kubeba takriban wati 3,000 tu. Ikiwa breka inajikata ilhali hakuna kifaa kilichochomekwa, yumkini kuna shoti katika nyaya za ukutani, na haipasi kulazimishwa.

Baadhi ya nyumba zina pia kikata umeme kinachohisi uvujaji wa umeme kwenda ardhini, chenye kitufe cha majaribio. Kile cha kulinda maisha ya watu kwa kawaida hujikata uvujaji unapofikia miliampia 30. Kisirukwe kwa waya wa pembeni eti kwa sababu kinasumbua: kujikata kwake mara kwa mara ni onyo.

Ni soketi moja au kadhaa?

Idadi ya soketi zilizozimika humsaidia fundi kujua pa kuanzia. Katika nyumba nyingi umeme hupita soketi moja kwenda nyingine. Pale ambapo njia hiyo haizunguki na kurudi kwenye sanduku, kulegea kwa skrubu moja huzima soketi zote zinazofuata. Kasoro basi hutafutwa kwenye soketi ya mwisho inayofanya kazi, kwenye ya kwanza iliyozimika, au katikati yake.

Soketi moja pekee inapozimika, mara nyingi sababu ni vyuma vya ndani kuchoka, na zipo desturi zinazoharakisha uchovu huo. Chaja zenye pini mbili za duara, aina iliyozoeleka Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huuzwa pia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Soketi ya pini tatu ina vifuniko vya ndani vinavyofunguka pini ndefu ya ardhi inapoingia tundu la juu. Wengi hutumbukiza kalamu au kijiti kwenye tundu hilo ili pini za duara zipite. Kwa kufanya hivyo huharibu vifuniko vinavyowakinga watoto, na vyuma vya ndani hutanuka visishike tena plagi inayofaa. Mshiko uliolegea hutoa cheche na joto, hatimaye plastiki huungua. Adapta iliyo bora ni ghali kidogo kuliko kalamu, lakini ni nafuu kuliko nyumba.

Mahali pa kusimama

Zipo dalili zisizohitaji ukaguzi zaidi: harufu ya kuungua, weusi kuzunguka matundu, soketi yenye joto, mlio wa kukwaruza, au ukuta wenye maji. Hapo swichi kuu izimwe na fundi aitwe. Moto wa umeme usimwagiwe maji, na aliyenaswa na umeme asishikwe kwa mkono kabla umeme haujazimwa.

Kufungua soketi ni kazi ya fundi, ambaye huzima umeme, huhakikisha kwa kipimo kwamba haupo, na hukijaribu kipimo chenyewe mahali penye umeme kabla na baada ya kazi. Bisibisi ya testa pekee haitoshi. Rangi nazo hupotosha: katika nyumba zilizoongezwa vyumba kwa miaka mingi, nyekundu na nyeusi za zamani hukutana na kahawia na buluu za sasa, na si kila aliyetangulia alizifuata.

Leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA nchini Tanzania, EPRA nchini Kenya na ERA nchini Uganda. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni kabla kazi haijaanza. Akimweleza fundi soketi zipi zimezimika, breka ipi ilijikata na kifaa kipi kilikuwa kikitumika, humpunguzia muda wa kutafuta kasoro, naye hujipunguzia gharama.