Tik Tik Tik: Historia Iliyo Ndani ya Injini ya Nduthi Yako

Simama stage ya Kapkatet saa kumi na mbili asubuhi, kabla matatu za Kericho hazijaanza kupiga honi, na usikilize. Nduthi kumi zimewashwa zipate joto. Kila moja ina kasauti kake: tik tik tik tik, kama mtu anagonga sufuria na kucha. Uliza mwenye nduthi ni nini, atakwambia "ni tapeti tu." Uliza abiria, atakwambia "hii kitu imezeeka." Mimi nasema hiyo sauti inatoka kwa uamuzi uliofanywa Japani karibu miaka 50 iliyopita, kuhusu watu wanaoishi kama sisi, na hatukuulizwa. Na wale wa "si wewe ni dropout, unajua nini kuhusu historia" mtulie kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili, sikuacha kusoma.

Neno boda lenyewe lilizaliwa mbali na hapa, kule Busia na Malaba, wakati watu walibebwa kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Border, border, ikawa boda boda. Sasa jaribu kuleta hiyo biashara ya baiskeli Kericho. Mji uko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua inanyesha karibu kila siku saa za alasiri, na barabara ya kwenda shamba la mtu ni matope na mlima. Mtu wa baiskeli angembeba abiria ama angebeba baiskeli yenyewe? Busia ni tambarare. Huku kwetu boda ilingoja injini.

Na huku kulikuwa na mzigo ukingoja. Makampuni ya Waingereza yalianza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakiwa mbele, kwa ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai bado wanaidai mpaka leo. Hiyo ni posti yake kivyake, na itakuja. Kwa ukoloni mwingi Mwafrika hakuruhusiwa hata kulima chai yake mwenyewe. Ni baada ya KTDA kuundwa mwaka wa 1964 ndio chai ya wakulima wadogo ilisambaa kwelikweli, na ndio unaona viwanda kama Litein, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga. Kampuni kubwa ina trekta na barabara zake. Mkulima mdogo ana robo ekari kwa mteremko, gunia la majani mgongoni, na senta ya chai iko kilomita kadhaa. Majani yakichelewa yanapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Kwa hivyo mtu yeyote angeleta chombo cha bei ya chini kinachopanda mlima na magunia, angepata wateja kabla hajazima injini.

Chombo kikaja 2008. Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na Kenya ikabadilika ndani ya miaka miwili hivi. Mwaka wa 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchi nzima hazikufika 4,000. Mwaka wa 2008 zilipita 50,000. Kufika 2010 zilipita laki moja kwa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini ukiongea na wazee wa Bomet wanakumbuka hiyo miaka vile wengine wanakumbuka umeme ulipofika. Ghafla mama mjamzito anafika hospitali usiku. Ghafla pia wodi za mifupa zinajaa, lakini leo niko na injini.

Nyingi za hizo nduthi za kwanza zilitoka China, na ukifungua injini zake, nyingi zilikuwa nakala ya injini moja: Honda CG125.

Hapa ndio utamu uko. Miaka ya 1970 Honda walikuwa wanauza pikipiki nzuri ya 125cc yenye kemushafti juu ya kichwa cha silinda, inayozungushwa na cheni. Injini safi, inapiga mbio. Lakini kwa nchi za Asia ambako watu walizitumia kwa kazi, zilikuwa zinakufa mapema. Wakatuma mainjinia waende wakaone. Wakakuta watu watatu wanne kwa pikipiki moja, mizigo kupita kiasi, kichujio cha hewa kimejaa vumbi, na oili ambayo haijabadilishwa tangu jamaa anunue. Si unajua mtu kama huyo? Anaishi karibu na wewe.

Honda wangeweza kuwafundisha wateja kubadilisha oili. Badala yake walibadilisha injini. CG125, iliyotoka mwaka wa 1976, ilishusha kemushafti kutoka juu ikaiweka chini, pale oili inakaa. Cheni ya taimingi ikatolewa, zikawekwa gia. Halafu nguvu ikapandishwa hadi kwa valvu kwa fito mbili nyembamba za chuma, mafundi wanaziita pushrodi. Teknolojia ya zamani kuliko ile waliyokuwa nayo. Walirudi nyuma makusudi ili injini ivumilie mtu asiyebadilisha oili.

Bei ya huo uvumilivu ni sauti. Hesabu vipande: kemu inasukuma kifuasi, kifuasi kinasukuma fito, fito inasukuma roka, roka inagonga mkia wa valvu. Kati ya roka na valvu lazima kuwe na nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Kwa CG125 hiyo nafasi ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, kama unene wa unywele hivi. Roka inaruka hiyo nafasi na kugonga. Tik. Injini ikiwa imetulia kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 700, yaani karibu mara 12 kwa sekunde. Sasa unaelewa kwa nini inasikika kama mvua ndogo kwa mabati. CG nzima kabisa, mpya kutoka dukani, ina hiyo sauti kidogo.

Halafu historia ikageuka tena. Miaka ya 2010 Wahindi wakaingia na nguvu, Bajaj Boxer na TVS, na leo ukihesabu nduthi kumi stage ya Silibwet utapata nyingi ni hizo mbili. Hizi zina kemushafti juu, na cheni ya taimingi. Yaani ile muundo Honda waliitoroka. Ni injini nzuri, zinakula mafuta kidogo, sipingi. Lakini angalia maisha yanayozipata huku: gia ya kwanza kutoka mtoni hadi senta, magunia mawili ya majani na mtu juu yake, mwendo wa polepole sana. Injini hizi zinapozwa na upepo, na upepo unatoka kwa mwendo. Usipokuwa na mwendo huna upepo. Ndani kuna oili kama lita moja tu inayofanya kazi yote, na hiyo oili lazima ipandishwe mpaka juu kwa kemu. Ikipungua, juu ndio kunakauka kwanza. Na deni la kila siku la mkopo wa nduthi linaanza kulipwa kabla pesa ya oili haijafikiriwa.

Kwa hivyo sauti ya tik kwa Boxer na tik kwa nakala ya CG si lazima ziwe na maana moja, na hapa ndio nawaheshimu mafundi wetu kuliko watu wengi wenye vyeti. Kuna mzee mmoja wa gereji Litein, hapendi kurekodiwa kwa hivyo sitamtaja. Anachukua bisibisi ndefu, anaweka ncha kwa injini na mpini kwa sikio. Anasogeza: kifuniko cha tapeti, kando ya silinda upande wa cheni, chini kwa krenki. Anafunga macho. Hakuna anayeongea.

Nilipomwona nikakumbuka kitu nilisoma. Mwaka wa 1761 daktari wa Austria aitwaye Leopold Auenbrugger aliandika kuhusu kugonga kifua cha mgonjwa na vidole ili kusikia kama kuna maji ndani. Babake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasemekana hiyo mbinu aliiona kwa watu wakigonga mapipa kujua divai imebaki ngapi. Mwaka wa 1816 Mfaransa René Laennec akakunja karatasi ikawa bomba, akaiweka kwa kifua cha mgonjwa, na hapo stethoskopu ikazaliwa. Udaktari wa kusikiliza ulianza kwa pipa na karatasi. Kwa nini bisibisi ya Litein ichekwe?

Nimekaa naye siku kadhaa na hivi ndivyo anavyosikia, kwa maneno yangu. Tapeti inagonga juu, sauti nyepesi, haraka lakini nusu ya mwendo wa krenki, na ukivuta mafuta inafuata bila kubadilika tabia. Cheni ya taimingi haigongi, inakwaruza, kama sarafu kwa kopo. Unaisikia kando, hasa ukiachilia mafuta, na mara nyingi ni tenshona, ile kitu inakaza cheni, imechoka. Kuna tik nyingine ya uongo kabisa: gasketi ya ekzosi ikivuja pale inapoingia kwa silinda, hewa inatoka kwa mipigo na inafanana na tapeti hadi inachekesha. Hiyo utaijua kwa masizi meusi pale kwa maungio, na mara nyingi hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Hata plagi iliyolegea inaweza kukudanganya hivyo. Pistoni iliyokwisha inagonga ikiwa baridi, halafu inanyamaza ikipata joto.

Na kuna ile nzito. Inatoka chini, dug dug dug, mara moja kwa kila mzunguko, na ukipanda mlima na mzigo inaongezeka. Hiyo ni konrodi. Mzee akiisikia hiyo anazima injini mwenyewe, hata kabla hajaongea, na anamwambia mwenye nduthi asiiwashe tena mpaka ifunguliwe. Nimeona kijana wa watu akiisukuma nyumbani kwa mvua. Afadhali hivyo. Konrodi ikikatika kwa mteremko wa kuelekea Sotik na abiria nyuma, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga.

Kabla ya hayo yote lakini, mzee anaangalia oili. Kila mara. Nusu ya kelele zinazoletwa kwake, anasema, zinaisha hapo hapo.

Sasa nifike kwa kitu kinanikasirisha, na ndio sababu nimeandika hii posti. Sisi abiria na wenye nduthi tumejiaminisha kwamba injini nzuri ni ile kimya. Jamaa anaenda kwa fundi wa kando ya barabara, injini bado ina moto kwa sababu hana muda wa kungoja ipoe, anasema "buda, toa hiyo kelele." Fundi anataka mia mbili yake. Anakaza skrubu ya tapeti kwa vidole mpaka tik inapotea. Hakuna fila geji, wengi hawajawahi hata kuimiliki. Mteja anafurahi, anaondoka kimya kama gari ya waziri.

Lakini ile nafasi ya 0.08 haikuwekwa kwa bahati mbaya. Ukiimaliza, valvu haifungi kabisa. Valvu ya ekzosi hupoa kwa kugusa kiti chake. Ikikosa kukaa vizuri inabaki na moto wote, na gesi ya kuungua inapenya pembeni kama tochi ya kuchomelea. Wiki kadhaa baadaye nduthi inakosa nguvu mlimani, haiwaki asubuhi, inazima ikisimama. Valvu imeungua. Sasa kichwa kinafunguliwa, valvu mpya, kusaga kiti, gasketi, na siku mbili bila kazi huku mkopo unahesabu. Tapeti iliyolegea kidogo inakupigia kelele na kula roka polepole. Iliyokazwa sana haisemi chochote. Nikipewa nichague moja nichukue ile yenye kelele, hata mara mia.

Ukitaka ifanywe vizuri, iache usiku kucha ipoe, mpe fundi asubuhi. Pistoni iwe juu kabisa kwa mpigo wa kubana, ile alama ya T kwa flaiwili ionekane, na kipimo kiwe cha modeli yako, usichukue cha CG ukaweka kwa Boxer. Fila geji si bei ya ng'ombe. Stage yenye watu 30 inaweza kuchanga na kununua moja, kila mtu atoe pesa ya chai ya kikombe kimoja, na tuko Kericho, chai haitaisha.

Nairobi na Mombasa nduthi za umeme zimeanza kuzoeleka, unabadilisha betri unaenda. Hazina tapeti, hazina oili, hazina kemu juu wala chini. Nilimwonyesha yule mzee video ya moja ikipanda mlima. Hakuangalia picha. Aliweka simu kwa sikio, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudishe tena, halafu akauliza kama beringi za gurudumu la nyuma huwa wanapaka grisi.