Hewa ya Ugweno na Pumzi ya Injini

Kabla ya utawala wa Wajerumani, Ugweno, nchi ya juu kaskazini mwa milima ya Upare, ilijulikana kwa chuma chake. Masimulizi ya wazee aliyoyatumia Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 yasema kwamba Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala kabla Wasuya hawajawanyang'anya enzi. Chuma hicho kilinunuliwa hata na Wachaga. Kwenye mita 1,500 juu ya bahari hewa imepungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Lakini mhunzi alikuwa na mivuo, na moto ukilegea aliweza kuivukuta kwa kasi zaidi.

Injini ya petroli yenye kabureta haikupewa mivuo. Huvuta hewa ya ujazo ule ule, pwani na mlimani, na petroli haipungui kwa kadiri ile ile ipunguavyo hewa. Basi ipandapo, mchanganyiko huzidi mafuta, plagi ikashika masizi na nguvu zikapotea. Kwa kuwa fundi hawezi kuongeza hewa, hana budi kupunguza petroli: hutoa jeti, kile kijitundu kipimacho mafuta, akatia nyingine iliyo ndogo zaidi. Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudi yote. Kinachorudi ni uwiano.

Kwa injini ya mapigo mawili jambo hili ni zito zaidi, maana oili yake ya kulainisha huchanganywa na petroli. Apunguzaye petroli amepunguza na oili. Dereva aliyerekebisha kabureta yake kule juu, kisha akateremka Mwanga bila kurudisha jeti kubwa, huingia katika hewa nzito na joto la tambarare akiwa na mafuta haba. Injini huchemka, na pistoni yaweza kuganda ndani ya silinda.

Hata hivyo injini za namna hiyo zilipata sifa katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, ambayo njia zake zilipanda nyanda za juu na kushuka penye joto. Mwaka 1956 DKW ya silinda tatu ilishinda. Mwaka 1964 Erik Carlsson alikuwa wa pili kwa Saab 96. Wengi husifu ujasiri wa madereva na kuwasahau mafundi. Magari yote mawili yalikuwa na kifaa cha kuiachanisha injini na magurudumu mteremkoni, isije ikazungushwa kwa kasi hali kabureta imefungwa na oili haifiki.

Pikipiki nyingi zipandazo Ugweno siku hizi ni za mapigo manne. Oili yake hukaa mbali na petroli, na jeti ikiwa ndogo mno, ulainishaji haupungui.