Nani Hupanga Majina: Wanawake na Ubunge, Gitega na Muyinga

Mpiga kura wa Gitega au Muyinga, nchini Burundi, hachagui kati ya Bibi Fulani na Bwana Fulani kama afanyavyo mwenzake wa Tanga au Kisumu. Mkoa mzima ni jimbo moja la uchaguzi. Chama hupeleka orodha yake kwenye Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, majina yakiwa yamepangwa kuanzia juu hadi chini, na mpiga kura hukipigia chama. Kura zikishahesabiwa, viti hugawanywa kwa uwiano na majina huchukuliwa kuanzia juu. Aliyewekwa juu ana uhakika wa kiti hata kampeni haijaanza. Aliyewekwa chini atazunguka vilima vyote, ngazi ya chini kabisa ya utawala, akiomba kura zitakazompeleka mwenzake bungeni. Anayetaka kusimama peke yake, bila chama, sheria imemwekea sharti la kupata asilimia 40 ya kura za jimbo lake.

Kwa hiyo historia ya wanawake walioutafuta ubunge katika sehemu hizi mbili, moja katikati ya nchi na nyingine kaskazini mashariki, mkabala na Ngara ya Tanzania, kwa sehemu kubwa ni historia ya kupigania nafasi kwenye karatasi. Naianzia hapo kwa makusudi, kwa sababu takwimu za leo zinapendeza mno, na zinaweza kumfanya mtu asiulize zilikotoka.

Burundi haikuwa nchi isiyojua mamlaka ya mwanamke. Mwami Mwezi Gisabo alipofariki mwaka 1908, mjane wake Ririkumutima alishika hatamu za ufalme kwa niaba ya kijana Mutaga. Mutaga naye alipokufa mwaka 1915, akakalishwa kitini Mwambutsa aliyekuwa bado mtoto, na bibi huyo akaendelea kuwa na sauti kubwa barazani hadi kifo chake mwaka 1917. Wajerumani walipojenga kituo chao Gitega mwaka 1912, yeye alikuwa miongoni mwa watu ambao wasingeweza kuwaruka. Lakini nguvu ile ilikuwa ya mama wa ukoo wa kifalme. Kwenye kilima, mume ndiye aliyetawazwa kuwa mushingantahe, mzee wa kusuluhisha na kuhukumu, naye mkewe akisimama kando yake. Ipo methali ya Kirundi isemayo kuku jike hawiki pale jogoo alipo. Wanawake waliothubutu kugombea katika miaka yetu hii bado wanaisikia.

Haki ya kupiga kura na kupigiwa kura waliipata Agosti 1961, mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 18 Septemba ambao UPRONA ya Mwanamfalme Louis Rwagasore ilitwaa viti 58 kati ya 64. Wanawake walipiga kura, lakini katika viti hivyo vyote hakuna hata kimoja kilichokaliwa na mwanamke. Uchaguzi wa 1965 haukubadili kitu. Kisha jeshi likashika nchi Novemba 1966, na kwa miaka zaidi ya kumi na tano hapakuwa na bunge la kugombewa na mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke.

Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge alipatikana katika uchaguzi wa Oktoba 1982, enzi za Jean-Baptiste Bagaza. Chama kilikuwa kimoja, na wagombea wote walitoka humo. Mwaka huohuo Euphrasie Kandeke, aliyetokea Umoja wa Wanawake wa Burundi, na Caritas Mategeko waliingia katika baraza la mawaziri. Ni mafanikio yasiyopaswa kudharauliwa. Hata hivyo, njia ya kufika kule ilipita kwenye jumuiya ya wanawake iliyokuwa mkononi mwa chama, na chama kilikuwa mkononi mwa rais. Pierre Buyoya alipompindua Bagaza Septemba 1987, bunge lile lilivunjwa pamoja na serikali.

Mwaka 1993 vyama vingi vikarudi. FRODEBU ilipata viti 65, UPRONA 16, na katika bunge hilo la watu 81 wanawake hawakufikia hata mmoja kwa kila wabunge wanane. Juu serikalini mambo yalionekana tofauti: Julai mwaka huo Sylvie Kinigi akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba, Kinigi na mawaziri walionusurika walijihifadhi katika ubalozi wa Ufaransa, na kutokea humo akajaribu kuishika nchi iliyokuwa inasambaratika. Wanaoandika historia ya siasa za Burundi humpitia harakaharaka. Mimi naona siku zile zinastahili kitabu kizima.

Vita vilivyofuata vilibadili hesabu za vijijini kuliko hotuba yoyote. Gitega ilijaa kambi za wakimbizi wa ndani. Kutoka Muyinga watu walivuka Kobero kuingia Ngara, wakaishi miaka mingi katika kambi kama Lukole. Wanaume waliuawa, walikwenda msituni, au walipotea. Wanawake wakabaki wakiongoza kaya, wakigawa chakula cha msaada, wakisuluhisha ugomvi na kuandika majina ya yatima. Hiyo ilikuwa shule ya uongozi ambayo hakuna aliyeiomba, na wengi waliorejea kupitia Kobero walirudi wakiwa na Kiswahili kinywani na uzoefu wa kusema mbele ya watu. Mwaka 1994 jumuiya za wanawake zilikuwa zimeshaunda muungano wao, CAFOB, na ndio uliokuja kubisha hodi Arusha.

Mazungumzo ya amani ya Arusha yalianza mwaka 1998 chini ya Mwalimu Julius Nyerere, na baada ya kifo chake yakaendelezwa na Nelson Mandela. Kwa muda mrefu wanaume waliokuwa mezani hawakuona sababu ya wanawake kukaa nao. Ilibidi kuitishwe mkutano wa peke yao, tarehe 17 hadi 20 Julai 2000, ulioandaliwa na UNIFEM, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake, pamoja na Taasisi ya Mwalimu Nyerere, ambapo kila mmoja wa washiriki 19 wa mazungumzo alileta wanawake wawili. Wahutu na Watutsi, wa serikali na wa upinzani, waliketi chumba kimoja na kutoka na madai ya pamoja, jambo ambalo wanaume wa vyama vyao lilikuwa limewashinda kwa miaka miwili. Mengi ya mapendekezo yao yaliingia katika mkataba uliosainiwa tarehe 28 Agosti. Moja halikuingia: asilimia 30 ya nafasi za maamuzi.

Dai hilo halikufa. Lilipita kipindi chote cha mpito, likaibuka katika katiba iliyopigiwa kura ya maoni Februari 2005: Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, Watwa viti vitatu, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Katika orodha ya kila chama, angalau mgombea mmoja kati ya wanne awe mwanamke.

Hapo ndipo penye fundo lote. Msomaji wa Tanzania anajua viti maalumu, wa Kenya anajua mwakilishi wa kike wa kaunti, na Rwanda imetenga viti 24 vinavyogombewa na wanawake pekee. Burundi haikuchukua njia hiyo. Ilichanganya wote katika orodha moja, kisha ikaipa CENI kazi ya kuongeza majina baada ya uchaguzi ikiwa uwiano haukutimia. Sasa chukua mkoa wenye viti vinane. Chama kimeiheshimu sheria: mwanamke wa kwanza yuko nafasi ya nne, wa pili yuko ya nane. Chama hicho kikipata viti vitatu, kinapeleka bungeni wanaume watatu, na sheria haikuvunjwa. Ndiyo maana mwaka 2005 wanawake walifika 36 katika bunge la watu 118 baada tu ya majina ya nyongeza kuingizwa. Na jina la nyongeza nalo hutoka mfukoni mwa chama.

Pamoja na kasoro hiyo, Agosti 2005 ilikuwa na uzito wake. Immaculée Nahayo akawa Spika, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na Alice Nzomukunda akawa Makamu wa Pili wa Rais. Nzomukunda alidumu mwaka mmoja. Septemba 2006 alijiuzulu akilalamikia ufisadi na ukiukaji wa haki za binadamu, akasema hadharani kwamba hakuachwa afanye kazi. Miaka miwili baadaye, wabunge 22 waliokuwa wamefarakana na chama tawala, CNDD-FDD, walipoteza viti vyao kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba. Somo lilimfikia kila mbunge, na hasa yule aliyejua kwamba kilimani hakuna aliyempigia yeye kura.

Kuanzia hapo uwiano ulipanda kila mara: wanawake 34 kati ya 106 mwaka 2010, 44 kati ya 121 mwaka 2015, 47 kati ya 123 mwaka 2020. Sheria ya uchaguzi ya 2009 ilipeleka asilimia 30 hadi kwenye mabaraza ya tarafa, na hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyosikika, kwa kuwa madiwani wa tarafa ndio wanaochagua maseneta. Kwa mara ya kwanza tarafa 11 za Gitega na 7 za Muyinga zililazimika kutafuta wanawake wa kuweka katika mabaraza yao. Watwa nao walipata sauti ya kike kupitia Libérate Nicayenzi. Na katika Bunge la Afrika Mashariki aliketi Hafsa Mossi, Mwislamu, mtangazaji wa zamani wa BBC na waziri wa zamani, ambaye wasikilizaji wengi wa Kiswahili waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Aliuawa kwa kupigwa risasi Bujumbura tarehe 13 Julai 2016.

Anayetaka kupima nguvu ya sheria hii ya asilimia 30 aangalie mahali ambapo kwa miaka mingi haikufika: kilima. Baraza la kilima lina watu watano. Wagombea husimama bila chama, kila mmoja kwa jina lake, na anayepata kura nyingi zaidi huwa mkuu wa kilima. Ni uchaguzi ulio karibu na watu kuliko wote, na ndio ambao wanawake wamekuwa wakishindwa kwa wingi zaidi. Ndiko mgombea anakoulizwa mumewe amesemaje, watoto amemwachia nani, na kwa nini anaitisha mkutano jioni. Sheria ya ndoa na familia ya 1993 yenyewe inamtaja mume kuwa mkuu wa kaya. Kwa hiyo wanaosema kwamba asilimia 30 ni upendeleo uliokwisha muda wake, waende kwanza Mwakiro kule Muyinga au Bukirasazi kule Gitega wakatazame nani ameketi kwenye baraza la kilima.

Katiba mpya ya 2018, ambayo Rais Pierre Nkurunziza aliitia saini Bugendana, mkoani Gitega, iliacha kiwango hicho kama kilivyokuwa. Mwaka uliofuata Gitega ikawa rasmi mji mkuu wa kisiasa. Muyinga ilipatwa na jambo jingine kabisa: sheria ya 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, na mkoa wa Muyinga ukafutwa, ukaingizwa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Gitega ikakua, ikameza Karuzi, Mwaro na Muramvya. Kwa mwanamke anayetokea Giteranyi, jimbo lake la uchaguzi sasa linafika hadi Gisuru, mbali kusini. Nauli, simu, vipeperushi, chakula cha wanaomsindikiza, vyote vimeongezeka, na majina yanayogombea nafasi za juu kwenye orodha yameongezeka pia.

Tarehe 5 Juni 2025 CNDD-FDD ilitwaa viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Wanawake waliosimama kwenye orodha za vyama vingine, Gitega na Buhumuza, hawakuambulia hata kiti kimoja. Chama kimoja kikichukua kila kitu, uchaguzi wa mbunge humalizika siku orodha inapoandikwa.

Swali linalobaki ni hawa waliofika wamefanya nini, na jibu langu ni la pande mbili. Septemba 2016 Burundi ilipata sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia, na wanawake wa bungeni na wa jumuiya walikuwa wameipigania kwa miaka. Lakini sheria ya mirathi, inayodaiwa tangu kabla ya bunge la 2005 kuapishwa, haijapitishwa. Ardhi inaendelea kurithiwa kwa mila, kutoka baba kwenda kwa wana wa kiume. Mgombea anayehitaji mkopo wa kampeni anakwenda kwenye ushirika wa akiba akiwa hana kiwanja cha kuweka rehani, na shamba analolilima kila siku limeandikwa jina la mumewe au la kaka zake.