Kamba, Kabari na Bolti: Historia ya Klampu za Mbao za Dar es Salaam

Kila mlango wa paneli unaouzwa kando ya Barabara ya Chang'ombe, pale Keko, umepitia saa moja ambayo mnunuzi haioni. Gundi bado mbichi, ndimi za mbao zimeshaingia kwenye matundu yake, na kilichobaki ni kuzibana mpaka zishikane. Zikilegea katika saa hiyo, mlango utaanza kuachia kwenye viungo kabla hata mwenye nyumba hajasahau ulivyomgharimu. Ndiyo maana karakana za Temeke na Kinondoni hazikosi klampu, na nyingi kati ya hizo hazikutoka dukani. Fundi amezichonga mwenyewe.

Vifaa hivi havionekani kuwa vya maana. Huegemezwa ukutani, vimejaa matone ya gundi kavu, na mgeni anaweza kudhani ni kuni. Lakini ndani yake umo ujuzi wa vizazi vingi vya maseremala wa pwani hii, na kila kipindi kigumu au cha neema katika uchumi wa jiji kimeacha alama kwenye namna wanavyobana mbao.

Mwanzo wa ujuzi huo uko kwa waunda vyombo vya baharini. Msafiri wa Kigiriki aliyeandika habari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1 alitaja mashua za kushonwa katika mwambao huu. Mtepe, uliodumu hadi karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nyuzi za nazi, na kila kamba ilipokazwa, tundu lake lilizibwa kwa kigingi cha mti ili isirudi nyuma. Kamba ilibana na kuunganisha kwa wakati mmoja. Misumari ilipochukua nafasi ya kamba katika majahazi, fundi bado alihitaji njia ya kuulazimisha ubao mnene ufuate mbavu za chombo kabla ya kuupigilia, na hapo kamba, miti ya kuegemeza na kabari ziliendelea na kazi. Ujuzi huo haukuwa mbali na wakazi wa Kunduchi na Msasani, vijiji vya wavuvi vilivyomezwa baadaye na Kinondoni.

Useremala wa majumbani ulikua pamoja na mji. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Kaskazini yake, Bagamoyo, wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo mwaka 1868 na kuwafundisha watu waliokombolewa utumwani ufundi wa aina mbalimbali, ukiwemo useremala. Wajerumani wakaifanya Dar es Salaam kuwa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na reli ya kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Sasa bandari ilikuwa imeunganishwa na misitu ya miombo ya Tabora, nyumbani kwa mninga, mti ambao hadi leo ndio heshima ya samani za Kitanzania.

Katika karakana za mji, mafundi Waafrika walifanya kazi pamoja na mafundi wa Kihindi, wakazoea meza ya kazi yenye jiliwa la chuma linalokazwa kwa hesi. Wakati huo gundi ilikuwa sherisi, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Hupakwa ikiwa ya moto na huganda mara inapopoa. Sherisi haikumpa mtu nafasi ya kutafuta kifaa: kila kitu cha kubania kilipaswa kuwa tayari mezani kabla chungu hakijaepuliwa. Klampu za chuma zilikuwa bidhaa ya meli, ghali na chache. Karakana yenye milango kumi ya kufunga isingeweza kuzingoja.

Jibu lilikuwa klampu ya kabari. Fundi huchukua ubao mgumu, tuseme wa inchi 2 kwa 3 na urefu wa futi 5 au 6. Mwisho mmoja hufunga kipande kinene cha mbao kisichotikisika. Upande wa pili hutoboa safu ya matundu, ili kipande cha pili kisogezwe na kuzuiwa kwa bolti au kigingi kulingana na upana wa kazi. Mlango hulazwa katikati. Nafasi ndogo iliyobaki huingizwa kabari mbili zilizogeuziana ncha, kisha hugongwa kwa nyundo, moja kutoka kila upande.

Nguvu yote iko kwenye mteremko wa kabari. Ikiwa unene unaongezeka inchi 1 katika urefu wa inchi 6, pigo dogo la nyundo hugeuka msukumo mkubwa, na msuguano huizuia kabari isirudi. Ikichongwa na mteremko mkali mno huteleza na kuruka. Fundi mzoefu pia hapangi klampu zote upande mmoja, kwa sababu ubao utapinda juu kama upinde. Huweka moja chini, inayofuata juu, na kati ya kabari na mlango hupachika kipande cha ubao chakavu kisiache kovu.

Ufundi huu ulipata mtihani wake mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikaadimika. Maduka yalikosa sabuni na sukari, sembuse zana za seremala. Watu waliendelea kuoa, kujenga na kuhitaji vitanda. Karakana za mitaani zikategemea kilichokuwepo, na tairi bovu likawa hazina. Mpira wa ndani wa tairi ukikatwa kwa kuzungusha hutoa utepe mrefu unaovutika. Ukizungushiwa miguu ya kiti au ukingo wa meza ya mviringo, hubana sawasawa pande zote, kazi ambayo klampu iliyonyooka haiwezi.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 biashara ilifunguka zaidi. Gundi nyeupe ya mbao, isiyohitaji moto, ikaenea na kumpa fundi dakika za kurekebisha kiungo. Lakini nayo huhitaji kubaki imebanwa mpaka ishike, kwa hiyo mwenye kazi nyingi anahitaji klampu nyingi. Mbao nazo zikabadilika. Mninga ulivyozidi kuwa ghali, misindano ya Sao Hill, Mufindi, ilijaa kwenye yadi za mbao za Manzese na Buguruni. Ni mti laini, hupondeka upesi ukikazwa kwa chuma kitupu, na vipande vya kinga vikawa lazima. Mafundi wa kuchomelea nao wakaanza kuunganisha bolti na nati na chuma chakavu, na klampu ya Keko ikawa nusu mti, nusu chuma.

Leo klampu za kiwandani kutoka China zinapatikana Kariakoo, na vijana wa chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, jirani kabisa na Keko, hufundishwa kwa vifaa vya kisasa. Hilo ni jema. Wengi wao watakapofungua karakana zao Mbagala au Tegeta, hata hivyo, watajikuta na mtaji wa klampu mbili na kazi inayodai nane, na saidia fundi wa kando yao atawaonyesha kabari.

Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kimehifadhi nyumba za jadi za makabila ya Tanzania. Karakana ya mjini inastahili nafasi katika hifadhi ya namna hiyo: meza ya kazi, randa, chungu cha sherisi, utepe wa mpira na klampu ya mninga yenye matundu yaliyochakaa, pamoja na maelezo ya mafundi wenyewe yaliyorekodiwa. Wazee walioanza kazi wakati sherisi ikichemshwa bado wapo mitaani, na nusu siku ya mazungumzo nao inatosha kuanzia.